Kiingilio na Miguu: Nani Mhakiki wa Shoo Bariadi?

Kila aliyemaliza kidato cha nne Tanzania aliwahi kuandika kwenye karatasi ya mtihani kwamba hadhira ya fasihi simulizi ni hai: inaitikia, inapiga makofi, inauliza, inamkatiza fanani. Tuliikariri sentensi hiyo, tukapata alama zetu, tukaondoka. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo nadharia nzito kuliko nyingi tulizofundishwa darasani, maana inasema kwamba anayesikiliza ana madaraka. Sasa nikitazama jinsi tunavyosikiliza muziki hapa Bariadi, naona madaraka hayo tumeyauza, na risiti ya mauzo tunayo mkononi. Inaitwa tiketi.

Nafanya kazi ya uandishi wa habari, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikihudhuria muziki wa aina mbili mkoani Simiyu. Mmoja hauna tiketi, mwingine unayo. Watu wengi wakizungumzia tofauti ya hizi mbili husema huu ni wa asili na ule ni wa kisasa, au huu wa wazee na ule wa vijana. Mimi naona tofauti kubwa haiko kwenye ngoma wala kwenye umri. Iko kwenye swali la nani anaruhusiwa kuamua kama shoo ni nzuri, na anaamua saa ngapi.

Tuanze na ule usio na tiketi. Kwa msomaji asiyetoka Usukumani, Wagika na Wagalu ni jumuiya mbili za ngoma zinazoshindana tangu enzi za mababu. Simulizi inawataja Ngika na Gumha, watu wawili walioshindana nani ana dawa kali zaidi, wakaamua ubishi wao uishie uwanjani, kwenye ngoma. Mpaka leo ukimuuliza Msukuma wa kijijini upande wake, anaweza kukujibu haraka kama anavyokujibu kuhusu Simba na Yanga. Msimu wenyewe ni baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, pamba ikiwa imetoka shambani na vumbi likiwa limeanza kutawala. Ndiyo miezi ya mbina, kama wenyewe wanavyoiita ngoma.

Kanuni yake ni rahisi na ni kali. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Majaji wa kushika karatasi na kuandika "mavazi, alama kumi" hawahitajiki, na bahasha ya matokeo haipo. Watu wanatembea, na kutembea kwao ndiyo matokeo.

Nimesimama kwenye uwanja wa namna hiyo wilayani Itilima na kushuhudia umati ukihama. Upande wa kwanza manju alikuwa anaimba vizuri, sauti imetulia, waitikiaji wanajibu kwa nidhamu. Ghafla upande wa pili wakatoa sanamu ya mbao inayotikisa kichwa. Watoto ndio walioanza kukimbia, wakafuata vijana wa bodaboda, kisha akina mama, na mwisho wazee nao wakakung'uta makalio wakajikokota. Baada ya dakika kama tano manju wa upande wa kwanza alibaki na watu wachache, wengi wao ndugu zake. Alifanya nini? Hakulalamika. Alibadilisha wimbo. Akaanza kuwataja kwa mafumbo wale waliomkimbia, mmoja mmoja, kwa tabia zao, na vicheko vikaanza. Umati ukageuka. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea baiskeli yake kando yangu akanielewesha jambo zima kwa sentensi moja: "Ng'wanawane, anayebaki upande mmoja siku nzima siyo mtazamaji huyo, ni ndugu yao."

Huo ndio uhakiki. Haukuandikwa gazetini kesho yake. Ulifanyika palepale, msanii akausoma miguuni mwa watu, akarekebisha kazi yake kabla jua halijazama. Ni mhariri gani wa vitabu anayeweza kufanya kazi kwa kasi hiyo?

Sasa tuje kwenye muziki wenye tiketi. Fiesta ya Clouds, na tangu mwaka 2018 Wasafi Festival, zimeizoesha miji ya mikoani kitu kinachoitwa shoo ya msimu: jukwaa kubwa, taa, spika za kutetemesha mabati, na wasanii ambao tumezoea kuwaona kwenye simu. Chini ya hizo kubwa kuna mapromota wadogo wengi wanaoiga mtindo huohuo kwa mtaji wa kuungaunga. Gari la matangazo linapita Somanda, linapita Malambo, linarudi sokoni: msanii fulani anakuja, kiingilio kawaida 5,000, VIP 20,000, ukichelewa mlangoni 10,000, njoo na mpenzi wako. Tiketi zinauzwa kwenye duka la simu au kwa wakala wa kutuma pesa. Uwanja unazungushiwa mabati na turubai ili asiyelipa asione.

Nimelipa viingilio hivyo mara nyingi. Shoo moja nitaieleza, bila kumtaja msanii wala promota, kwa sababu si yao peke yao, ni mtindo. Tangazo lilisema saa 9 alasiri. Saa 12 jioni bado mafundi walikuwa wanafunga nyaya. Saa 2 usiku wakapanda vijana wa hapahapa Bariadi, ambao kwa kweli waliimba kwa moyo wote, na hawakulipwa kitu, mmoja aliniambia mwenyewe kwamba malipo yake ilikuwa "kupewa nafasi". Msanii mkubwa alipanda saa 6 na nusu usiku. Aliimba nyimbo nne juu ya CD. Ninaposema juu ya CD namaanisha hivi: alipoinua maiki juu kutuonyesha sisi tuimbe, sauti yake iliendelea kuimba spikani bila yeye. Dakika 25, akashuka, akaingia kwenye gari.

Kilichonishangaza haikuwa CD. Kilichonishangaza ni sisi. Wote tuliokuwa pale tulijua. Kijana aliyekuwa mbele yangu alimgeukia mwenzake akasema "jamani huyu hata haimbi," kisha akainua simu akaendelea kurekodi. Hakuna aliyeondoka. Kwa nini? Sababu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye boksi lililobandikwa getini: UKITOKA HURUDI.

Hapo ndipo nilipoelewa tiketi inafanya kazi gani. Tunadhani tiketi inatununulia muziki. Kwenye uwanja wa Wagika na Wagalu, kuondoka ni kura: ukiondoka, anayepata hasara ni mwimbaji. Kwenye shoo ya mabati, kuondoka ni kupoteza: ukiondoka, anayepata hasara ni wewe. Pesa ilishahesabiwa saa 12 jioni. Msanii hana sababu ya kutazama miguu yetu, kwa sababu miguu yetu imeshafungwa kwa shilingi 10,000.

Na hiyo 10,000 siyo ndogo huku. Simiyu inalima pamba kuliko mkoa mwingine wowote nchini, na shoo nyingi zinapangwa kimakusudi wakati mkulima ameshauza. Mwaka 2022 bei elekezi ya pamba ilifunguliwa kwa shilingi 1,560 kwa kilo. Mwaka 2023 ikashuka hadi 1,060. Kiingilio nilicholipa mlangoni miaka yote miwili kilikuwa kilekile, 10,000. Piga hesabu: mwaka wa kwanza mkulima aliingia kwa kilo 6 na nusu hivi za pamba, mwaka wa pili kwa kilo 9 na nusu hivi. Tiketi haikupanda, lakini kwa aliyeinama shambani ilipanda karibu nusu. Pamba haivunwi kwa mashine huku. Kilo hizo zimechumwa kwa vidole, tumba moja moja. Mtu aliyelipa hivyo akiimbiwa na CD, kuna kitu zaidi ya burudani kilichovunjwa pale.

Hata hivyo nisiifanye mada iwe nyepesi. Nikiishia hapa nitakuwa nimeandika ile makala tunayoijua sote, ya kusifu zamani na kulaani sasa. Uwanja usio na tiketi nao una maradhi yake.

La kwanza, umati hauwi sahihi kila mara. Vikundi vya Usukumani vimejulikana kwa kuleta uwanjani chatu, nungunungu, hata fisi, pamoja na sanamu za kuchonga, na vyote hivyo ni vya kuvuta macho. Sasa weka kando yake wigashe, ngoma ambayo watu wanacheza wakiwa wamekaa, ambayo nguvu yake imo kwenye maneno na kwenye mpangilio wa sauti. Mshindanishe mtunzi wa mashairi marefu na mtu mwenye chatu shingoni, halafu hesabu vichwa. Chatu anashinda. Ushairi mzuri unaweza kushindwa kihalali kabisa kwenye uwanja huru, na anayedhani wingi wa watu ni sawa na ubora atapata tabu kueleza kwa nini kitabu kizuri kinauza nakala chache.

La pili, msanii anakula nini? Uwanja wa bure una utamaduni wa kutuza: unapita mbele, unambandika manju noti, unacheza kidogo, unarudi. Ni utaratibu mzuri kwa sababu pesa inafuata hukumu, haiitangulii. Lakini ni pesa isiyo na uhakika. Mwaka wa pamba mbaya manju anaondoka na noti za 500. Waimbaji wa Kisukuma wanaotazamwa sana mtandaoni siku hizi, akina Bhudagala na Nyanda Madirisha, wamefungua njia nyingine, na sitamlaumu kijana yeyote anayetaka kulipwa kabla ya kufungua mdomo. Fundi seremala anapewa "advansi". Kwa nini manju asipewe?

Kwa hiyo swali siyo kama muziki ulipiwe. Ulipiwe. Swali ni malipo yanabeba haki gani pamoja nayo.

Hapa wasomi wetu waliwahi kutusaidia kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1976 Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walichapisha Fasihi na Sanaa za Maonyesho, kitabu ambacho wengi tunakijua kupitia notisi tu. Wao walisema sanaa ya maonyesho inahitaji vitu vinne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Nimeirudia orodha hiyo mara nyingi nikiwa nimesimama kwenye foleni za geti. Watazamaji wamo kwenye orodha kama sehemu ya sanaa yenyewe. Hawakuwekwa kama wateja wa sanaa. Ukiwaondoa, sanaa haipo. Ukiwafungia ndani wasiweze kufanya lolote, je, wapo?

Naye Elias Songoyi, msomi wa ngoma, aliandika kuhusu athari za biashara kwa ngoma za asili, na tasnifu yake ya mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwaweka pamoja waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila, kuchunguza uhusiano wa msanii na dola. Miaka mingi imepita, lakini swali lake halijachakaa: mwimbaji anamtazama nani anapoimba? Kama anayemlisha ni dola, ataitazama dola. Kama ni promota, atamtazama promota. Kwenye uwanja wa Itilima manju aliwatazama watu kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumtazama. Hiyo ndiyo sababu aliweza kuwasema, na hiyo ndiyo sababu walirudi.

Kuna anayeweza kusema: hayo ndiyo mambo ya tiketi, utafanyaje? Nitamjibu kwa mfano wa mbali kidogo, Zanzibar. Sauti za Busara, tamasha la mwezi Februari lililoanza 2004 na ambalo kwa miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe, linauza tiketi, na Mtanzania analipa chini ya mgeni. Lakini limejiwekea sharti linalojulikana: muziki upigwe laivu. Tiketi ile inamfunga mtazamaji, sawa, ila inamfunga na msanii pia. Amejua kabla hajapanda boti kwamba CD haitamwokoa. Kumbe tiketi yenyewe siyo adui. Adui ni tiketi inayobana upande mmoja tu.

Na hapa nataka kuigeukia kazi yangu mwenyewe, uandishi wa habari za burudani, kwa sababu nasi tuna sehemu yetu. Soma taarifa za shoo mikoani. Msanii "apagawisha". Msanii "afunika". Msanii "akonga nyoyo za mashabiki". Vichwa hivi vinaweza kuandikwa asubuhi, kabla spika hazijashushwa kwenye lori, na havitakuwa na kosa hata moja kwa sababu havisemi chochote. Mwandishi mwenye kitambulisho anapita getini bure, anapewa maji na kiti cha mbele. Si rushwa, ni ukarimu wa kawaida. Ila aliyeingia bure haoni kilo 9 na nusu za pamba. Mimi shoo za mapromota hukata tiketi kama mtu mwingine, na si kwa sababu nina pesa. Ni kwa sababu sentensi inabadilika ukiwa umelipa.

Tunavihakiki vitabu kwenye kurasa kama hizi kwa umakini mkubwa: tunabishana kuhusu wahusika, lugha, hata jalada. Riwaya ya shilingi 15,000 inasomwa na watu mia chache, tunaipa maneno 2,000. Shoo inakusanya maelfu ya watu, wengi wao hawatanunua riwaya maishani, na tunaiachia neno moja, "apagawisha". Hivi fasihi simulizi iliisha kidato cha nne?

Napendekeza tuanze kuandika uhakiki wa shoo, na tuanze na maswali manne tu. Ilitangazwa kuanza saa ngapi, na ilianza saa ngapi? Kilichosikika kilikuwa laivu au CD? Aliimba nini hasa, maneno gani, kwa nani, na yalibadilika vipi mbele ya watu wa Bariadi? Na watazamaji walifanya nini? Swali la mwisho ndilo gumu, kwa sababu linataka mwandishi ageuze shingo kutoka jukwaani. Lakini ndilo ambalo Muhando na Balisidya walilitilia maanani kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Maswali hayohayo tuyapeleke pia kwenye mbina. Tusiende kule na macho ya watalii, kupiga picha chatu na kurudi. Tumuulize manju alisema nini kwenye ubeti uliomgeuza umati. Ukitoka Bariadi kwa barabara ya lami hadi Lamadi, ukashika njia ya Magu hadi Kisesa, utafika Bujora. Pale ndipo Padre David Clement kutoka Kanada alipoanzisha makumbusho ya Wasukuma, na ndipo sherehe ya Bulabo ya mwezi Juni inapowakutanisha Wagika na Wagalu mbele ya maelfu. Frank Gunderson, mtafiti kutoka Marekani, alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300 na kuzichapisha kwenye kitabu mwaka 2010. Mgeni aliona kuna maneno ya kuandikwa pale. Sisi ambao lugha tunaielewa tangu mgongoni kwa mama tunaandika "burudani ilinoga".

Sitegemei mabati yabomolewe. Msimu ujao pamba ikianza kuuzwa gari la matangazo litapita tena Somanda, na mimi nitakata tiketi, maana muziki naupenda na sina dawa ya hilo. Lakini nimejiwekea kanuni, na naipendekeza kwa yeyote atakayesimama na mimi ndani ya uzio. Kama hatuwezi kutembea kwenda upande wa pili, basi tubaki na kile ambacho promota hajakiuza. Msanii akiimba, tuitikie kwa nguvu zote. CD ikiimba, mikono ibaki mfukoni. Tulilipia kuingia. Makofi hayamo kwenye bei.